Jina la Mzungu kwenye santuri ya Kongo

Tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Wakatoliki ya Kamina, iliimbwa kwa mara ya kwanza misa ambayo baadaye ingepigwa katika sinema za Italia na Uingereza, kurekodiwa upya na kwaya ya Kenya, na kuuzwa Ulaya na Marekani kwa jina la Missa Luba. Aliyeisimamia alikuwa Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Muda mrefu kabla ya madiskojoki wa Brussels na Paris kuanza kubeba kompyuta zao hadi Kinshasa kutafuta midundo ya dansi, kazi ya mtayarishaji wa muziki kutoka Ulaya anayefanya kazi na sauti za Wakongo ilikwisha kufanyika hapa hapa Kamina, pamoja na sifa zake zote na matatizo yake yote.

Haazen alifika Kongo mwaka 1953 akakabidhiwa shule kuu ya Kamina. Mwaka uliofuata aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wa umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Akaipa jina la mfalme kijana wa Ubelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin. Jina hilo linatosha kueleza zama zenyewe. Hata hivyo padri huyu hakufanya yale yaliyozoeleka katika misheni nyingi za wakati ule, yaani kuwafundisha watoto nyimbo za Kizungu na kuwakataza ngoma za nyumbani. Aliacha maneno ya Kilatini ya misa yalivyo, kisha akawaachia waimbaji wayavike sauti zao wenyewe.

Namna misa hiyo ilivyoundwa inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndipo penye kiini cha ubishi uliofuata. Hakukuwa na mtunzi aliyeketi mezani na karatasi ya nota. Waimbaji walianza na tungo walizokuwa wakizijua. Kasala, ule utungo wa sifa na maombolezo wa Waluba, ulichukuliwa ukabeba maneno ya sala. Sanctus ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana wa Kiluba, na Hosana inayoifuata ikapewa mwendo wa dansi ya Kasai. Kyondo, ngoma ya gogo lililotobolewa, ilipigwa pamoja na ngoma za ngozi na manyanga. Mwimbaji mmoja aliongoza, kwaya ikaitikia, na sehemu kubwa ilibuniwa papo hapo wakati wa kuimba. Nota ziliandikwa baadaye kwa ajili ya kwaya za nje. Wala si ajabu kwamba dansi ya Kasai iliingia katika misa ya Kamina. Reli itokayo Lubumbashi hugawanyika hapa, njia moja ikaenda Ilebo kupitia Kasai na nyingine Kabalo na Kalemie, na mji wa makutano ya reli haukosi nyimbo za wageni.

Mwaka huo huo wa 1958 kwaya ilipelekwa Ulaya. Iliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, ikapanda jukwaani katika maonyesho makubwa ya dunia ya Brussels, na ikaimba pamoja na kwaya mashuhuri ya wavulana wa Vienna. Kampuni ya Philips iliitoa misa kwenye santuri. Pier Paolo Pasolini akaitumia Gloria katika filamu yake ya mwaka 1964 kuhusu Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 Lindsay Anderson akaiweka Sanctus katika filamu yake If...., ambamo mwanafunzi muasi wa shule ya bweni ya Kiingereza anaisikiliza tena na tena chumbani mwake. Baada ya filamu hiyo, Sanctus ikaingia katika orodha ya nyimbo zilizonunuliwa zaidi Uingereza mwaka 1969, ikishindana na rock ya miaka ile. Wimbo wa kuagana wa Waluba ulikuwa umefika mahali ambapo hata bendi kubwa za Kinshasa hazikuwahi kufika.

Na kwenye jalada la santuri, jina lililokaa mbele likiwa la mtu ni la Haazen. Mwimbaji kiongozi, mwalimu Joachim Ngoi, alitajwa, lakini kama mwimbaji tu. Waliobuni sauti zenyewe wakabaki chini ya jina la kwaya, na jina la kwaya likabaki la mfalme. Haitakuwa haki kumwita padri mwizi, kwani bila yeye misa hiyo isingekuwapo, na ujasiri wa kuipeleka ngoma altareni ulikuwa wake, miaka kadhaa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango huo kwa Kanisa zima. Lakini mpangaji si mtunzi. Misa iliyobuniwa na vinywa vya watu 60 ilipaswa kuandikwa kwa majina yao, na kwaya za dunia zinazoiimba hadi leo bado zinanunua nota zenye jina la mtu mmoja. Wanakwaya wa Muungano National Choir ya Kenya, wakiongozwa na Boniface Mganga, waliirekodi upya kwa Philips mwaka 1990, na toleo lao linaonyesha kwamba kazi hiyo haikuhitaji fimbo ya Mzungu ili isimame.

Wakati Haazen anaanza kazi Kamina, mtu mwingine wa Ulaya alikuwa tayari akizunguka Katanga na mashine yake ya kurekodi. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alipita mwaka 1952 na tena mwaka 1957, akanasa nyimbo za Waluba na Wakanyok pamoja na za jamii nyingine nyingi. Yeye hakupanga kitu. Aliweka maikrofoni karibu na chombo, akaandika jina la mpigaji, mahali na lugha, akahifadhi. Huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alimkuta kijana wa Bunkeya akipiga gitaa, Jean Bosco Mwenda, na wimbo wake, Masanga, ukamfanya Mwenda ajulikane hadi Nairobi, ambako baadaye alikwenda kufanya kazi. Jina kwenye santuri lilikuwa la Mwenda. Mitindo hii miwili, wa Haazen na wa Tracey, ndiyo iliyorithiwa na wote waliofuata: kuna anayepanga, na kuna anayenasa.

Vincent Kenis wa Brussels alianza kama mpanga sauti akaishia kuwa zaidi ya mnasaji. Alikuwa mpiga gitaa katika bendi za majaribio, Aksak Maboul na The Honeymoon Killers, zilizozunguka kampuni ndogo ya Crammed Discs ya mwenzake Marc Hollander. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alisikia redioni muziki wa ajabu kutoka Kinshasa: likembe zilizounganishwa na umeme, zikikwaruza na kunguruma. Rekodi hiyo ilikuwa imefanywa mwaka 1978 na Mfaransa Bernard Treton. Kenis alikwenda Kinshasa kumtafuta mwenye muziki mwishoni mwa muongo huo asimpate. Alimpata mwaka 2000, zaidi ya miaka 10 baadaye.

Mwenye muziki alikuwa Mingiedi Mawangu, Mzombo wa mpakani mwa Angola, dereva wa lori, aliyeunda Konono Nº1 mwaka 1966. Likembe ni ubao wenye vipande vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, na sauti yake ni ndogo. Katika matanga na harusi za Kinshasa, kandokando ya baa na barabara, haisikiki. Mingiedi alilitatua tatizo hilo kwa mikono yake. Alichukua sumaku kutoka alteneta mbovu za magari, akazifunga waya wa shaba, akazipachika kwenye ubao ili zinase mtikisiko wa vyuma. Waya ukapelekwa kwenye amplifaya, na amplifaya kwenye tarumbeta kubwa za kupazia sauti za enzi za Wabelgiji, ambazo watu wa Kinshasa huziita lance-voix. Likembe zikawa tatu, moja ya besi, moja ya kati na moja ya sauti ya juu, na ngoma zikachanganywa na vyuma vya gari na sufuria. Mkwaruzo uliotokea ulikuwa ni matokeo ya vifaa vilivyochoka. Haukutafutwa, ila bendi ilijifunza kuupenda, ikaupiga kwa makusudi.

Msikilizaji wa tekno wa Berlin au London aliposikia mkwaruzo huo alidhani ametambua muziki wake mwenyewe: mdundo mmoja unaojirudia kwa dakika 10, besi inayotetemesha kifua, sauti zilizochafuliwa na umeme. Kwa hakika hapakuwa na undugu wowote. Mafundi wa tekno wa Detroit na mafundi wa Kinshasa walifika mahali pamoja kwa njia tofauti, kila upande ukitumia mashine zilizotupwa na wengine. Kenis aliielewa bahati hiyo, na santuri aliyoitoa kupitia Crammed mwaka 2004 iliitwa Congotronics, jina lililoulenga moja kwa moja umati wa madisko ya Ulaya.

Namna yake ya kufanya kazi ilitofautiana na ya Haazen katika jambo moja kubwa. Hakuwaingiza wanamuziki studio. Alirekodi uwanjani kwa kompyuta mpakato, kila chombo kwenye njia yake, bendi ikipiga kama inavyopiga matangani. Kompyuta iliwezesha mchanganyo kusikilizwa pale pale na waliopiga, jambo ambalo santuri ya mwaka 1958, iliyokwenda kukatwa Ulaya, haikuliruhusu. Na jina kwenye jalada ni la Konono. La Kenis linakaa nyuma kwa herufi ndogo, mahali pa mtayarishaji.

Mafanikio yalifuata haraka. Tuzo ya BBC Radio 3 ilikuja mwaka 2006. Björk aliwaalika Konono katika wimbo wa kufungua albamu yake Volta ya mwaka 2007. Rekodi yao ya jukwaani Brussels iliteuliwa kuwania Grammy, na mwaka 2011 walikuwa miongoni mwa washiriki wa Herbie Hancock katika Imagine, iliyoshinda tuzo hiyo. Mingiedi alikuwa amepita miaka 70 alipoanza kupanda majukwaa ya Ulaya. Alifariki mwaka 2015, na mwaka uliofuata bendi, sasa chini ya mwanawe, ikatoa albamu na DJ Batida wa Lisbon, Mreno mzaliwa wa Huambo, Angola. Hapo hatimaye DJ wa Ulaya na likembe ya umeme waliandikwa kwenye jalada moja kwa majina sawa.

Kwa wasomaji wa Haut-Lomami, mkoa wa Kamina, kazi ya Kenis yenye uzito zaidi huenda ni ile ya mwaka 2008 na Kasai Allstars. Kundi hili la Kinshasa liliwakusanya wanamuziki wa makundi matano kutoka jamii za Waluba, Wasongye, Walulua, Watetela na Waluntu, watu ambao siasa zimewahi kuwagombanisha vibaya. Magitaa ya umeme, marimba na ngoma viliwekwa pamoja, na nyimbo za jando na za mizimu, zile ambazo wamisionari wengi walizipiga marufuku kama uchafu wa kishenzi, zikachezwa hadharani. Mwaka 2017 kundi hilo lilionekana katika filamu Félicité ya Alain Gomis, iliyotunukiwa tuzo kubwa ya majaji huko Berlin. Ukiiweka santuri ya Kasai Allstars karibu na Missa Luba, unasikia malighafi ya aina moja: kiongozi na waitikiaji, ngoma ya gogo, mwendo wa dansi ya Kasai. Tofauti ni kwamba hakuna Kilatini, na hakuna aliyepanga ila wenyewe.

Kenis alitayarisha pia albamu ya kwanza ya Staff Benda Bilili, Très Très Fort ya mwaka 2009, ya wanamuziki wenye ulemavu waliokuwa wakiimba mitaani Kinshasa na waliorekodi sehemu kubwa ya nyimbo zao katika bustani ya wanyama ya jiji hilo. Miaka miwili baadaye aliwaweka Konono na Kasai Allstars jukwaani pamoja na bendi za rock za Ulaya na Amerika. Ziara ikawa vurugu ya kufurahisha. Wageni walishindwa mara kwa mara kuutambua mpigo wa kwanza wa kila mzunguko, wakawa wanauliza uko wapi, na swali lao likawa jina la albamu ya mradi huo ilipotoka mwaka 2022. Kwa mara moja Mzungu ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Si kila aliyekuja alikaa hivyo. Mwaka 2011 Damon Albarn wa Uingereza alishuka Kinshasa na kundi la watayarishaji, wakiwemo Actress na Totally Enormous Extinct Dinosaurs wa madisko ya London, wakafanya albamu nzima katika siku chache na makumi ya wanamuziki wa jiji. Mapato yalipelekwa Oxfam, na nia haina lawama. Lakini Kinshasa One Two inasikika kama ilivyofanywa: kwa haraka, sauti za wenyeji zikikatwa vipande na kubandikwa juu ya midundo ya wageni. Vipande vizuri vipo. Albamu, kwa maana ya kazi yenye mwanzo na mwisho, haipo.

Aliyekuja baadaye akakaa ni Xavier Thomas, Mfaransa anayejulikana madiskoni kwa jina la débruit. Alikuwa na kazi yake tayari Ulaya, muziki wa dansi wa kompyuta uliokopa sauti za Afrika na Mashariki ya Kati, na albamu ya mwaka 2013 aliyoifanya na Alsarah, mwimbaji mzaliwa wa Sudan. Mwaka 2016 alifika Kinshasa na kukutana na mwimbaji Makara Bianko, aliyezoea kuongoza usiku mrefu wa dansi mtaani pamoja na wachezaji wake, akiimba juu ya midundo iliyozungushwa bila kukoma. Wakajiunga na mafundi waliotengeneza vyombo kwa chupa, mabati, vipuri vya injini na hata taipureta, kwa sababu kukodi gitaa la kweli Kinshasa ni gharama. Kundi likaitwa KOKOKO!, na albamu Fongola ikatoka mwaka 2019.

Hapo kazi ya DJ ilibadilika. débruit alikuwa mwanachama wa bendi, akisafiri nayo na kusimama jukwaani nyuma ya sintesaiza zake, ingawa waandishi wa Ulaya bado walimtaja yeye kwanza. Kundi lilipotoa albamu ya pili, BUTU, mwaka 2024, walioikamilisha walikuwa ni yeye na Makara Bianko, na sauti ya albamu hiyo imekaribia zaidi usiku wa Kinshasa wenyewe: kelele za barabarani, spika zinazopasuka, mwimbaji anayelazimika kupiga kelele ili asikike. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo santuri bora ya dansi ya kielektroniki iliyotoka Kongo mpaka sasa, na ubora wake unatokana na kutokusafishwa.

Upande wa mashariki mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Huko Uganda, Mbelgiji Derek Debru na Arlen Dilsizian walianzisha tamasha la Nyege Nyege mwaka 2015, kisha kampuni ya kutoa muziki iliyowapeleka mafundi wa singeli wa Dar es Salaam, wenye midundo inayozidi 200 kwa dakika, hadi kwenye matamasha makubwa ya Ulaya. Wazungu hawa hawakugusa muziki wenyewe. Walijenga studio, nyumba ya kulala na mtandao wa mauzo. Mkongo Rey Sapienz, aliyehamia Kampala kutoka mashariki ya nchi, alishiriki kuanzisha tawi la Hakuna Kulala, na mwaka 2021 akatoa Na Zala Zala na kundi lake la Congo Techno Ensemble. Mtayarishaji ni yeye mwenyewe. Kompyuta ile ile iliyoletwa na Kenis mkobani sasa iko mikononi mwa kijana wa Kongo, na programu ya kutengenezea midundo hupatikana kwa simu.

Na mwelekeo umegeuka hata ndani ya Ulaya. Nkisi, binti wa Kongo aliyelelewa Leuven, Ubelgiji, ni DJ na mtayarishaji wa tekno kali ya London. Mwaka 2015 alikuwa miongoni mwa waanzilishi watatu wa NON Worldwide, muungano wa wasanii wa Afrika na wa asili ya Afrika walioamua kumiliki kazi zao wenyewe. Albamu yake ya mwaka 2019, 7 Directions, ina vipande saba visivyo na majina ila nambari, na imejengwa juu ya falsafa ya Wakongo wa Bahari ya Atlantiki kama ilivyofafanuliwa na mwanazuoni Bunseki Fu-Kiau. Anayetayarisha, anayepiga na anayemiliki ni mtu mmoja, naye ni Mzungu kwa malezi na Mkongo kwa asili.

Missa Luba haijapata uhuru wa namna hiyo. Kila mwaka inaimbwa mahali fulani duniani, na programu za matamasha bado zinaandika jina la Haazen mahali pa mtunzi. Baadhi ya wavulana wa mwaka 1958 waliokuwa na miaka tisa sasa wamekaribia 80. Jimbo la Kamina, shule na familia zao wana nafasi ndogo iliyobaki ya kuyakusanya majina hayo, yote yapatayo 60, na kuyadai yaandikwe.